Sungura Aliyekwama Hewani

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo!

Wapwa zangu, sogeeni karibu na jiko. Hapa kwetu Litein mvua ya alasiri imeanza kupiga mabati, na ikishaanza hivyo hakuna anayetoka. Chai iko kwenye sufuria. Basi nitawapa habari za sungura mmoja aliyekwama hewani.

"Mjomba, sungura anakwamaje hewani? Kwani hewani kuna matope?"

Swali zuri hilo. Hewani hakuna matope. Lakini ndani ya video yamo. Tulia, utayaona.

Mpwa wangu mmoja alikuwa amejifunza kuiamuru kompyuta kwa Scratch. Wengine wenu mnaijua. Ni ile programu ya vipande vya rangi ambavyo mtoto huvipanga kimoja juu ya kingine, kama fundi anavyopanga matofali. Ilitoka chuo cha MIT kule Marekani mwaka 2007, na haiuzwi.

Akamchora sungura. Akachora mistari ya michai. Akamwamuru sungura aruke mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Na sungura akaruka! Masikio yanalala nyuma, miguu inajikunja, anatua kama jani.

"Mjomba," akasema, "nataka Kogo amwone."

Kogo ni nyanya yake, mama yangu mzazi. Anakaa Kapkatet. Anayo simu, na kwenye simu hiyo anajua mambo matatu tu: kupiga, kutuma pesa, na kufungua video. Habari za Scratch hazijui. Kwa hiyo ilibidi sungura awe video.

Siku ya kwanza, mpwa wangu alifanya kama ambavyo ningefanya mimi. Alishika simu mbele ya skrini, akarekodi.

Tukaitazama. Loo! Mistari myeusi ilikuwa ikipanda na kushuka juu ya sungura, kana kwamba yuko nyuma ya pazia.

"Mjomba, mistari hii imetoka wapi? Mimi sikuichora."

Umeona ulivyo na jicho? Mwingine angesema simu ni mbovu, akaiweka. Wewe umeuliza.

Umewahi kuona watu wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja? Wakipatana, mchi mmoja unashuka huku mwingine unapanda. Wasipopatana, michi inagongana. Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Simu nayo inapiga picha zake kwa saa yake yenyewe. Skrini na simu hazikupatana. Michi ikagongana. Mistari ile ndiyo alama za kugongana.

Basi tukaacha kumpiga sungura picha kutoka nje, kupitia dirishani. Tukaamua kuingia ndani ya nyumba. Tukaiomba kompyuta yenyewe itupe picha inazozichora.

Siku ya pili tulitumia OBS Studio, programu ya kurekodi kilicho kwenye skrini. Ipo tangu 2012, nayo haiuzwi. Tukaweka picha 60 kwa sekunde, tukachukua skrini yote. Mpwa wangu akabonyeza kitufe cha kurekodi. Sungura akaruka. Tukafungua video.

Sungura akapanda hewani. Akakwama. Akakaa pale kama kitambaa kwenye kamba. Kisha, ghafla, yuko ng'ambo ya mstari! Hatukumwona akitua.

Na hapo, wapwa zangu, sungura akanigeukia.

"Mjomba, mimi sikukosea. Nimeruka vilevile nilivyoruka jana. Nani amenikata miguu?"

Nikakosa la kumjibu. Nikasema, ngoja tutafute.

Tuanze mwanzo kabisa. Je, video inatembea?

"Ndiyo, inatembea."

Hapana. Haitembei hata kidogo. Chukua daftari lako. Kwenye pembe ya kila ukurasa mchore sungura, kila mmoja amesogea kidogo kumpita mwenzake. Sasa zifyatue kurasa kwa kidole gumba. Anaruka! Lakini hakuna ukurasa hata mmoja ambamo sungura anaruka. Kila mmoja ametulia tuli. Kinachomrusha ni jicho lako.

Video ni hivyo hivyo. Picha moja, kisha nyingine, kisha nyingine. Wenye kazi yao huiita kila picha fremu. Sinema za kawaida huonyesha fremu 24 kwa sekunde. Televisheni yetu na ya Uingereza ilishika 25, kwa sababu mwendo wa umeme wetu ni mizunguko 50 kwa sekunde, na 25 ni nusu yake. Marekani umeme wao ni mizunguko 60, wakashika 30. Michezo mingi ya kompyuta hupenda 60. Na Scratch? Scratch kwa kawaida humchora sungura mara 30 kwa sekunde.

"Basi tukichukua picha nyingi zaidi, video italainika zaidi?"

Umekaribia, mpwa wangu. Umekaribia sana. Lakini nenda kwanza shambani ukaulize michai.

Michai haitoi majani yote siku moja. Leo inatoa majani mawili na chipukizi hapa, kesho mengine pale. Mchumaji ana zamu yake. Akiruka zamu, majani yanakomaa, yanakuwa magumu. Akija kabla ya zamu, hakuna jipya la kuchuma, anazungusha kikapu kitupu. Mchumaji mzuri si yule mwenye mbio. Ni yule anayefika zamu ikifika.

Sasa hesabu nami. Sungura anachorwa mara 30. Ukichukua 25, picha 5 zinapotea kila sekunde, na mruko unakuwa na mashimo kama barabara baada ya mvua. Ukichukua 60, unachukua kila picha mara mbili. Sungura hajaongezeka, ila mzigo umeongezeka. Ukichukua 30, ni moja kwa moja. Kila picha kwa zamu yake.

Semeni nami: kila picha kwa zamu yake.

Tukaweka 30. Tukarekodi tena. Sungura akawa na nafuu, lakini bado alikwama mara mojamoja. Na ile laptopu yangu kuukuu ilikuwa ikivuma kama mashine ya posho.

Mpwa wangu akaigusa. "Mjomba, ina homa!"

Basi tukamwita Prosesa, yule anayefikiri ndani ya kompyuta. Tukamuuliza, unaumwa wapi?

"Mnanionea!" Prosesa akafoka. "Ninamchora sungura mimi. Ninapiga picha mimi. Ninafunga mizigo mimi. Ninaipeleka stoo mimi. Na huku mmefungua kurasa kumi za intaneti, zote zinaniita. Mikono yangu ni minne tu!"

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Prosesa alishika tano. Na kilichomponyoka ni picha za sungura.

"Lakini Mjomba, picha ni nyepesi. Ina uzito gani?"

Ehee! Hilo ndilo swali la watu wazima, nawe umeliuliza ukiwa na maziwa mdomoni. Twende polepole.

Skrini yangu imefumwa kwa vitone vidogo, kama mkeka ulivyofumwa kwa ukili. Vitone hivyo huitwa pikseli. Kwa upana ziko 1,920. Kwa kimo ziko 1,080. Zidisha: ni pikseli 2,073,600. Kila moja inataka kujua wekundu wake, ukijani wake na ubuluu wake, yaani baiti 3. Picha moja inapita baiti milioni 6. Picha 30 ni kama megabaiti 186, na hiyo ni sekunde moja tu! Ukihifadhi zote zilivyo, kadi ya simu ya gigabaiti 32 itajaa kabla dakika tatu hazijaisha.

"Mbona basi simu ya Kogo imejaa video na bado inafanya kazi?"

Kwa sababu video hupitishwa kiwandani kwanza.

Mnajua majani mabichi yanayotoka kituo cha kununulia. Lori linayapeleka kiwandani, yananyaushwa, yanasagwa, yanakaushwa. Kilo nne au tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya majani ya chai. Maji yamekwenda, ladha imebaki. Video nayo hukaushwa. Ila yenyewe hukaushwa zaidi mno: zile megabaiti 186 za sekunde moja zinaweza kubaki 1, na jicho lisilalamike.

"Inakaushwaje? Video haina maji."

Ina maji mengi! Maji ya video ni maneno ya kurudiarudia.

Hebu mpigie Kogo simu, umweleze uwanja wa nyumba yetu. "Kogo, kuna nyumba ya mabati. Kuna tangi la maji. Kuna mparachichi. Kuna ng'ombe amefungwa. Kuna kuku karibu na mlango." Vizuri. Baada ya dakika moja, je, utaanza tena na nyumba ya mabati?

"Hapana. Nitamwambia kuku amesogea."

Umeona? Umekwisha kuivumbua mwenyewe! Kompyuta husema picha nzima mara moja. Kisha husema kilichobadilika tu: kuku amesogea, kuku amesogea tena. Baada ya muda huusema uwanja wote upya, endapo Kogo alipitiwa na neno. Njia moja ya kusema hivyo inaitwa H.264. Ilikamilishwa mwaka 2003, na mpaka leo simu zinaielewa.

Lakini sikia. Mvua ya mawe ikianguka uwanjani, kila kitu kinabadilika kwa pamoja. Majani yanaruka, maji yanaruka, kuku anakimbia, ng'ombe anakata kamba. Hapo maneno machache hayatoshi. Ukiwa bahili wa maneno, Kogo ataona vipande vya mraba kama vigae badala ya mvua. Ndiyo maana video yenye vurugu huhitaji megabaiti nyingi kuliko video iliyotulia. Sungura wetu mmoja kwenye shamba tulivu hana makuu.

Sasa tulijua ugonjwa. Tukatafuta dawa.

Dawa ya kwanza: punguza shamba. Jukwaa la Scratch, pale sungura anaporukia, lina upana wa pikseli 480 na kimo cha 360. Hizo ni 172,800. Skrini nzima ni mara 12 ya hapo! Tulikuwa tunavuna mashamba 12 kumbe chai yetu iko kwenye moja. Tukaiambia OBS ichukue jukwaa peke yake.

Dawa ya pili: funga milango. Tukafunga kurasa za intaneti tusizozihitaji. Tukachomeka chaja pia, maana laptopu nyingi zikitumia betri hujibania nguvu, kama mtu anayenyata na mshumaa uliobaki kipande.

Dawa ya tatu ndiyo iliyonichekesha. Prosesa alipokuwa akilia, mtu mmoja kwenye kona alikuwa amekaa, amekunja mikono. Ni Chipu ya Picha.

"Wewe," nikamwambia, "unajua kufunga mizigo ya video?"

"Najua sana. Ninayo mashine maalumu ya kazi hiyo."

"Mbona hukusaidia?"

"Hakuna aliyeniita."

Hakuna aliyemwita! Watengenezaji walianza kuweka mashine hiyo ndani ya chipu zamani: Intel mwaka 2011, Nvidia mwaka 2012. Inachotaka ni kuchaguliwa kwenye mipangilio ya OBS. Tukaichagua. Prosesa akabaki kumchora sungura. Chipu akabaki kufunga mizigo. Feni ikatulia, hata tukaisikia mvua.

Sungura akaruka mstari wa kwanza. Akaruka wa pili. Akawa juu ya wa tatu, laini kama maziwa yanavyomiminwa...

Radi! Stima ikapotea. Na betri ya laptopu yangu ni ya kuombea dua. Skrini ikawa giza.

Mpwa wangu akashika kichwa. "Yote yamepotea!"

Hayakupotea, na nitakwambia kwa nini. Pale kituo cha chai kunaweza kuwa na makarani wa aina mbili. Wa kwanza anaweka hesabu zote kichwani, aziandike jioni. Akiugua saa kumi, siku yote imepotea. Wa pili anaandika kila kikapu kinapotoka kwenye mizani. Akiugua saa kumi, daftari linasema yote ya saa tatu hadi saa kumi. Faili ya MP4 ya kawaida ni kama karani wa kwanza: orodha yake huandikwa mwisho. Faili ya MKV ni kama wa pili. Kwa sababu naijua radi ya huku kwetu, nilikuwa nimechagua MKV. Stima iliporudi, miruko miwili ilikuwepo, salama. Baadaye OBS hiyohiyo huigeuza ikawa MP4 bila kukausha upya, ili simu ya kila mtu iifungue.

Huku tukingoja stima, mpwa wangu alifikiri. Napenda mtoto anayefikiri gizani.

"Mjomba, na mtu mwenye kompyuta dhaifu kabisa, ambayo hata picha moja inaichora kwa dakika nzima? Yeye hatapata video laini milele?"

Nikanywa chai yangu kwanza. Nikanywa polepole. Akangoja. Kisha nikamuuliza: nilipokuwa nakunywa chai, sungura wa hadithi yetu alianguka?

"Hapana. Alikuwa ananingoja... alikuwa anakungoja wewe."

Kwa nini?

"Kwa sababu hadithi ni yako. Ukinyamaza, na yeye anasimama."

Hapo umefika penyewe! Saa ya ukutani haisubiri mtu. Lakini saa ya ndani ya hadithi anaishika msimulizi. Kuna programu kama Blender, nayo haiuzwi, ambazo hufanya hivyo. Huchora picha ya kwanza, hata ikichukua dakika nzima, na kuihifadhi. Huchora ya pili, na kuihifadhi. Sungura anangoja hewani, wala haoni tofauti. Mruko wa sekunde 10 ni picha 300. Kwa dakika moja kila picha, ni saa 5. Unaenda kulala. Asubuhi unazifunga pamoja, 30 kwa sekunde, na video haina hata shimo moja. Na stima ikipotea kwenye picha ya 187, unaendelea na 187, huanzi upya.

Hivyo ndivyo katuni zinavyoundwa. Kule Nairobi, Homeboyz Animation walitengeneza Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama zenye sura ya michoro ya Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Ilianza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010. Hadithi moja ina kama dakika 11. Kwa picha 25 kila sekunde, hizo ni picha 16,500. Unadhani mtazamaji alijua ni picha ipi iliyochorwa haraka na ipi iliyowachelewesha watu? Hakujua. Zote zilipita mbele yake kwa zamu.

"Basi kwa nini watu wote wasifanye hivyo?"

Kwa sababu mchezo hausubiri. Mwaka 2015 vijana wa Black Division Games hapa Kenya walitoa Nairobi X, mchezo wa kupambana na viumbe wa anga za mbali waliovamia Nairobi. Kompyuta haijui utageuka kushoto au kulia. Lazima ichore papo hapo unapogeuka. Na ikikimbilia picha mpya kabla skrini haijamaliza ya kwanza, utaona adui mwenye kichwa cha picha ya zamani na miguu ya picha mpya, amechanika kiunoni. Ndiyo maana michezo ina kitufe cha kuiambia isubiri skrini imalize. Kumbe hata wenye haraka wana mahali pa kusubiri.

Stima ilirudi saa mbili usiku. Tukarekodi mara ya mwisho. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Masikio nyuma, miguu imejikunja, akatua kama jani.

Sungura akanigeukia. Safari hii hakusema kitu. Alikonyeza tu.

Tukamtuma Kapkatet. Tulimtuma kama faili, maana WhatsApp ukiituma kama video ya kawaida huikausha mara ya pili. Tukangoja. Mpwa wangu alikaa ameikodolea simu macho kama paka kwenye tundu la panya. Ikalia.

"Kogo! Umemwona?"

"Nimemwona," sauti ya Kogo ikasema. "Nimemwona mara tatu. Sasa niambieni, huyo sungura ni wa nani?"

"Ni wangu, Kogo."

"Basi mwambie anapotua akanyage njia. Anatua juu ya chipukizi! Chai ya watu hiyo."

Nilicheka hadi nikamwaga chai. Siku nzima ya picha, zamu, mikono minne na radi, na Kogo hakuuliza neno moja juu ya video. Hakuiona video kabisa. Alimwona sungura, akaliona shamba, akaona majani yanaharibiwa.

Mpwa wangu hakucheka. Alikuwa ameshafungua Scratch, anahesabu kwa kidole nafasi kati ya mstari na mstari, akitafuta pale mchumaji anapopita.